Kuadhini kwa Anayeanza: Wakati, Matamshi, Kisha Sauti

"Maalim, sauti ninayo, nifundishe kuadhini." Maneno haya nayasikia kila Ramadhani ikikaribia, na maswali yanayofuata ni yaleyale. Naanza saa ngapi? Narudia mara ngapi? Vidole naviweka wapi? Mbona msikiti wa jirani wanasema tofauti na sisi? Nimeyajibu barazani, nimeyajibu kwenye simu, sasa nayaandika ili kila anayeuliza apate pa kusoma.

Nianze na jambo ambalo vijana wengi hawalipendi. Sauti huja mwisho. La kwanza ni wakati, la pili ni matamshi. Mwenye sauti ya kawaida akiadhini kwa wakati, na herufi zake zimetimia, watu wamepata haki yao. Mwenye sauti tamu akitangulia dakika tatu jioni ya Ramadhani, ameharibu saumu za mtaa mzima. Hilo nalijua vizuri, na nitakueleza tukifika hatua ya nne.

Naandika nikiwa Unguja, na adhana ninayofundisha ni ya madhehebu ya Kishafi, iliyozoeleka pwani yetu tangu Lamu hadi Ngazija. Kama msikiti wako unafuata njia nyingine, usiiache makala hii. Mengi ni mamoja, na pale tunapotofautiana nimepataja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa ya imamu au kamati. Usiingie tu ukashika maiki kwa sababu mwadhini amechelewa. Msikiti wenye mwadhini wake, adhana ni ya kwake mpaka akuachie.
- Ratiba ya nyakati ya mji wako wenyewe, si ya mji mkuu.
- Saa moja unayoiamini.
- Mtu anayejua tajwidi, yaani kanuni za matamshi ya Qurani, wa kukusikiliza uso kwa uso. Rekodi za intaneti hazitakwambia umekosea.
- Simu ya kujirekodi.
- Wiki mbili za mazoezi. Wako wanaofika kwa siku tano, lakini usijibane.

Masharti ya mwadhini ni machache: awe Mwislamu, awe na akili timamu, awe amefikia umri wa kupambanua mambo, na awe mwanamume ikiwa anawaadhinia wanaume. Si lazima awe amebaleghe. Mtoto wa miaka tisa anayejua anachofanya adhana yake inasihi, na kwangu mimi huo ndio umri mzuri wa kuanza, kwa sababu ulimi bado ni mwepesi.

Hatua ya 1: Jua adhana ya msikiti wako

Simama Mji Mkongwe jua likizama, utasikia adhana kadhaa ndani ya nusu saa moja, na ukitega sikio utagundua hazifanani zote. Anayeanza huchanganyikiwa hapa, akadhani mmoja amekosea. Tofauti hizi zina asili yake.

Adhana ilianza Madina katika miaka ya mwanzo ya Hijra. Sahaba Abdullah bin Zayd aliota akifundishwa maneno yake, akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akamwamuru amfundishe Bilal kwa kuwa Bilal alikuwa na sauti ya kufika mbali zaidi. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ni ya Abu Mahdhura wa Makka. Alikuwa kijana, yeye na wenzake waliisikia adhana njiani wakati Mtume anarudi kutoka Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, wakaanza kuiigiza kwa dhihaka. Mtume akawaita, akamtaka kila mmoja aadhini mbele yake, akaitambua sauti ya Abu Mahdhura. Badala ya kumwadhibu akamfundisha neno kwa neno, akampa mfuko wenye fedha kidogo, na kijana yule akarudi Makka akiwa mwadhini wake. Kila mwanafunzi anayeniambia aliwahi kufanya mzaha na adhana utotoni namsimulia kisa hiki.

Kutokana na mapokeo hayo, hivi ndivyo utakavyosikia ("neno" hapa ni sentensi, na kila marudio yanahesabiwa):

- Kishafi: maneno 19. Takbira ya mwanzo, yaani "Allaahu Akbar", ni mara nne, na shahada mbili (namba 2 na 3 katika hatua ya pili) husomwa kwanza kwa sauti ya chini, kisha hurudiwa kwa sauti ya juu. Huku kurudia kunaitwa tarjii, na kumetoka kwa Abu Mahdhura. Kwa kuwa kule kwa mwanzo ni kwa chini, wengi wanaosali msikitini miaka yote hawajawahi kuusikia usomaji huo.
- Kihanafi na Kihanbali: maneno 15, bila tarjii. Misikiti kadhaa ya Wahindi wa Kisuni katika miji yetu inafuata Kihanafi.
- Kimaliki: maneno 17. Takbira ya mwanzo ni mara mbili tu, na tarjii ipo. Ukienda Sudan au Moroko usishtuke.
- Shia Ithnaasheri, kama Makhoja wa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa: maneno 18. Baada ya "Hayya 'alal-falaah" wana "Hayya 'alaa khayril-'amal" mara mbili, na "Laa ilaaha illallaah" ya mwisho ni mara mbili. Utasikia pia wanamtaja Ali baada ya shahada ya pili. Wanazuoni wao wenyewe hawaihesabu kuwa ni sehemu ya adhana, huisoma kwa kupenda baraka. Maghribi yao nayo huchelewa dakika kadhaa, kwa kuwa wanangoja wekundu wa upande wa mashariki uondoke.

Ukialikwa kuadhini msikiti usiokuwa wa kwenu, wa Ibadhi au wa wengine wowote, muulize imamu wao kabla, nawe usome wanavyosoma wao. Sijapata kuona kheri iliyotokana na mtu kwenda kusahihisha adhana ya wenzake kwenye spika yao.

Hatua ya 2: Hifadhi maneno kwa mpangilio

1. Allaahu Akbar, mara nne. Mbili kwa pumzi moja, kisha mbili nyingine.
2. Ash-hadu allaa ilaaha illallaah, mara mbili.
3. Ash-hadu anna Muhammadar Rasuulullaah, mara mbili.
4. Hayya 'alas-swalaah, mara mbili.
5. Hayya 'alal-falaah, mara mbili.
6. Allaahu Akbar, mara mbili kwa pumzi moja.
7. Laa ilaaha illallaah, mara moja.

Ukifanya tarjii, baada ya takbira sema namba 2 na 3 zote, mara mbili mbili, kwa sauti ya kusikika na aliye karibu nawe tu. Kisha rudi uziseme kwa sauti kamili. Tarjii ni sunna. Anayeanza aiache kwanza mpaka mpangilio umkae kichwani, kwa sababu nimeona wengi wakiisoma kwa chini halafu wakaruka moja kwa moja kwenye "Hayya".

Ukiondoa takbira, kila sentensi ina pumzi yake na kituo chake. Usiziunganishe. Adhana husomwa taratibu, aliye jikoni apate kuacha mwiko na kuitikia.

Hatua ya 3: Safisha matamshi

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, na ni haki yake. Kiswahili kimetupa maneno mengi ya Kiarabu, lakini kimeyalainisha, na ulimi wetu hutaka kuyasoma kwa ulaini huohuo.

"Akbar" haina urefu popote. Ukivuta mwanzo, "Aakbar", umeigeuza kuwa swali, kana kwamba unauliza. Ukivuta mwisho, "Akbaaar", umetaja neno jingine kabisa, wingi wa aina ya ngoma. Vijana hupenda kuvuta pale mwisho kwa sababu ndipo sauti inapopendeza. Vuta kwenye "Allaah", ukifika "Akbar" kata.

Usiseme "Allaahu wakbar". Hii ni ya kwetu hasa. Midomo ikitoka kwenye "hu" huleta "w" yenyewe. Simamisha koo kidogo kabla ya "Ak".

"Ash-hadu", si "ashadu". Kuna "sh" halafu kuna "h", na kila moja ina haki yake. Mwambie mwanafunzi aseme "ash", anyamaze, kisha "hadu". Baada ya mara ishirini aunganishe.

"Rasuulullaah", si "Rasuulallaah". Kosa hili linaharibu sarufi ya sentensi, na ni la kawaida mno, hata kwa watu wazima. Ukisema "Rasuula", msikilizaji wa Kiarabu anabaki akingoja habari ya huyo Muhammad ambayo haiji. Ni "lu".

"Hayya", si "haya". Kwetu "haya" ni neno la kumharakisha mtu, tena lina maana ya aibu. Kwenye adhana "y" inakazwa, na "h" inatoka katikati ya koo, kama pumzi ya mtu anayepuliza kioo cha miwani akifute. Neno linalofuata linaanza na 'ayn, herufi ya kubana koo. Ukisema "ala" ya Kiswahili umeiacha herufi nzima.

Mwisho wa "swalaah" pana "h". Itoe, japo kwa upole. Wengi huiacha ikafa, ikabaki "swalaa". Na "falaah" ina "h" ile ya katikati ya koo, tofauti na ya "swalaah". Mzee aliyenifundisha alikuwa akiweka kiganja mbele ya midomo yangu: kwenye "swalaah" alitaka ahisi pumzi nyepesi, kwenye "falaah" alitaka asikie mkwaruzo. Kama havikuja, tulirudi mwanzo. Tulifanya hivyo kwenye ngazi za msikiti, kila siku baada ya Alasiri, mpaka nikaanza kuota kiganja kile.

Usisimame katikati ya shahada. Ukiishiwa pumzi ukasimama baada ya "laa ilaaha", umesema hakuna mungu, ukanyamaza. Ukihisi pumzi haitoshi, punguza kuvuta, lakini fika "illallaah".

Urefu uweke pale unapokubalika: "laa" ya "laa ilaaha", "Allaah" ya mwisho wa sentensi, "swalaah", "falaah". Jirekodi, sikiliza siku ya pili sikio likiwa limepoa, kisha mpelekee ustadhi. Rekodi ya leo ukiisikiliza leo utaipenda tu.

Hatua ya 4: Hakikisha wakati umeingia

Adhana kabla ya wakati haihesabiki, inarudiwa. Isipokuwa Alfajiri, ambayo kwa Kishafi inaweza kuwa na adhana ya kwanza usiku, kama Bilal alivyokuwa akiadhini kuamsha watu, kisha Ibn Ummi Maktum, sahaba kipofu, akaadhini alfajiri ikishaingia.

Sasa kisa changu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Ramadhani, mwadhini wetu anaumwa, nikapewa Maghribi. Niliangalia saa ya ukutani, nikaona imefika, nikapanda. Sauti ilitoka vizuri siku ile. Niliposhuka nikakuta mzee mmoja ameshika redio yake ndogo sikioni na tende mkononi hajaila. Redio ilikuwa bado haijaadhini. Saa ya ukutani ilikuwa imetangulia dakika tatu, na hakuna aliyeisahihisha tangu umeme ulipokatika wiki ile. Baada ya sala imamu akasimama akatangaza kwamba waliofuturu kwa adhana ile wailipe siku. Hakunitaja jina, na mtaa mzima ulijua. Mpaka leo kuna kina mama wazee naamini walilipa siku ile kwa sababu yangu, na huwaombea.

Kwa hiyo:

- Sahihisha saa kila Ijumaa kwa simu iliyounganishwa na mtandao. Saa ya ukutani ni mapambo mpaka uihakiki.
- Tumia ratiba ya mji wako. Tanzania nzima ina saa moja, lakini jua halifuati serikali. Kigoma jua huzama takriban dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Kisumu na Mombasa zinapishana kama dakika 20. Ratiba ya kalenda uliyopewa safarini iache ukutani kwa picha yake.
- Angalia programu ya simu imepangwaje. Hapa ndipo pana ugomvi mwingi siku hizi. Programu huhesabu Alfajiri kwa nyuzi za jua chini ya upeo: njia ya Ummul-Qura ya Makka hutumia nyuzi 18.5, ile ya Misri 19.5, ile ya Amerika ya Kaskazini 15. Kwetu, karibu na Ikweta, kila nyuzi moja ni kama dakika nne au zaidi kidogo. Kwa hiyo vijana wawili wenye simu mbili wanaweza kupishana zaidi ya robo saa, na kila mmoja akaapa simu yake ni sahihi. Mwadhini hachagui njia kwa mapenzi yake. Fuata ratiba iliyokubaliwa na msikiti, uipange simu yako iendane nayo.
- Alasiri ya Kishafi na ya Kihanafi ni mbili. Kwetu inaingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiacha kile kivuli cha adhuhuri, jua likiwa juu kabisa. Kwa Hanafi ni mara mbili ya urefu wake. Jirani akiadhini baadaye, hakulala.

Ukiwa na shaka, ngoja. Dakika mbili za kuchelewa hazimdhuru mtu.

Hatua ya 5: Jiandae

Tia udhu. Adhana bila udhu inasihi, lakini ni makuruhu, na kukimu, ule mwito wa pili wa kusimama kusali, bila udhu ni zaidi. Simama, elekea kibla. Kunywa maji ya uvuguvugu kidogo. Maji ya barafu yanakaza koo.

Kisha spika. Fungua amplifaya ukiwa umeshusha sauti yote, upandishe polepole, vinginevyo kishindo chake kitamwamsha mtoto wa jirani kabla ya adhana. Usiipige maiki kwa kidole wala kuipulizia. Sema "Bismillah" taratibu, utajua kama imeshika. Kaa umbali wa shibiri moja hivi. Ukiikaribia sana, "b" ya "Akbar" inalipuka.

Usipandishe mpaka mwisho. Spika ikikoroma herufi zote ulizozihangaikia zinapotea. Na kuna haki ya majirani. Saudi Arabia kwenyewe, mwaka 2021, misikiti iliagizwa vipaza sauti vitumike kwa adhana na kukimu tu, tena visizidi thuluthi ya nguvu yake. Kigali, mwaka 2018, misikiti ya Nyarugenge ilizuiwa kuadhini kwa vipaza sauti kwa sababu ya kelele. Mimi adhana naipenda kuliko sauti yoyote duniani, na ndiyo maana sitaki iwe chanzo cha mtu kuichukia.

Hatua ya 6: Adhini

1. Weka ncha za vidole vya shahada masikioni. Vinasaidia sauti ikusanyike, na aliye mbali akikuona anajua unaadhini. Kama maiki ni ya mkononi, kidole kimoja kinatosha.
2. Anza chini. Takbira ya pili itapanda kuliko ya kwanza, na shahada ya pili itapanda kuliko ya kwanza. Ukianza juu, ukifika "Hayya" huna pa kwenda, sauti inapasuka.
3. Kwenye "Hayya 'alas-swalaah" geuza uso kulia, mara zote mbili. Kwenye "Hayya 'alal-falaah" geuza kushoto, mara mbili. Kifua na miguu vibaki kibla. Ukitumia maiki ya kusimama, ukigeuka sauti inapotea. Baadhi ya wanazuoni wa leo wanasema kugeuka kulikuwa ni kwa ajili ya kufikisha sauti pande zote, na spika imeshafanya kazi hiyo. Muulize imamu wako anapendelea nini.
4. Kwenye Alfajiri, baada ya "falaah" ya pili, ongeza "As-swalaatu khayrum minan-nawm" mara mbili. Sema "kh" ya kukwaruza, si "heri" ya Kiswahili.
5. Usizungumze katikati. Mtu akikusalimu, utamjibu ukimaliza.

Juu ya mahadhi. Waturuki wana utamaduni wao tangu enzi za Waothmani: Alfajiri huadhiniwa kwa maqamu, yaani mtindo wa sauti, uitwao Saba, Alasiri kwa Rast, Maghribi kwa Segah, na kwenye misikiti mikubwa ya Istanbul waadhini wawili hupokezana sentensi. Ni jambo la kusikia. Makka wana lahani yao ya Hijazi ambayo vijana wote wanaiiga kutoka kwenye simu. Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua mahadhi ya mzee wa msikiti wako, yale uliyoyasikia tangu uko mgongoni kwa mama. Yanajulikana mtaani, yanakaa kwenye pumzi ya mtu wa kawaida, na yasiposhikwa na wewe yatakwenda kaburini naye. Lahani ya Makka imejengwa na watu wenye mapafu na mafunzo ya miaka; mwanafunzi akiiiga huvuta "Akbar" bila kujua.

Hatua ya 7: Baada ya adhana

Zima maiki kwanza. Mswalie Mtume, kisha usome dua: "Allaahumma Rabba haadhihid-da'watit-taammah, was-swalaatil-qaaimah, aati Muhammadanil-wasiilata wal-fadhiilah, wab'ath-hu maqaamam mahmuudanil-ladhii wa'adtah." Baadhi ya misikiti ya pwani husoma salawati hizi kwenye spika, mingine inalikataa hilo kabisa. Fanya kama ulivyokuta. Si kazi ya mwadhini mpya kuanzisha wala kuondoa.

Wafundishe na nduguzo nyumbani kuitikia: wanarudia kila sentensi baada yako, ila kwenye "Hayya" zote wanasema "Laa hawla walaa quwwata illaa billaah".

Hatua ya 8: Kukimu

Usikimu mpaka imamu awe tayari. Adhana iko mikononi mwa mwadhini, kukimu kuko mikononi mwa imamu. Kwa Kishafi ni maneno 11: takbira mbili, shahada moja moja, "Hayya" moja moja, "Qad qaamatis-swalaah" mara mbili, takbira mbili, "Laa ilaaha illallaah" moja. Kwa Hanafi ni 17, kwa kuwa wanarudia kama adhana na kuongeza "Qad qaamatis-swalaah". Soma haraka kidogo kuliko adhana, sauti ya kuwafikia waliomo ndani. Vidole masikioni havina haja hapa.

Ijumaa kuna adhana mbili kwenye misikiti mingi. Ya pili, khatibu akishakaa juu ya mimbari, ndiyo iliyokuwepo zama za Mtume. Ya kwanza iliongezwa na Khalifa Uthman, ikiadhiniwa Zawraa, sokoni Madina, watu walipokuwa wengi. Mwanafunzi wa wiki mbili asianze na Ijumaa. Aanze na Adhuhuri ya siku za kazi, watu ni wachache na moyo haudundi.

Mambo yakienda vibaya

*Nimeruka sentensi.* Rudi pale uliporuka, isome, uendelee kutoka hapo kwa mpangilio. Kama umekumbuka muda mrefu umepita, anza upya.

*Nimesahau "As-swalaatu khayrum minan-nawm".* Adhana yako ni sahihi. Usipande tena kuisema peke yake.

*Nimeisema Adhuhuri kwa mazoea.* Usiivunje adhana. Endelea na takbira, umalize.

*Umeme umekatika katikati.* Endelea kwa mdomo mpaka mwisho. Adhana ilikuwepo kabla ya umeme. Ukirudi, usianze upya.

*Kikohozi kimenishika.* Kohoa mbali na maiki, endelea. Kituo kifupi hakidhuru. Kikiwa kirefu mpaka watu wakadhani umemaliza, anza upya, au mwenzako aadhini mwanzo mpaka mwisho.

*Sauti yangu inatetemeka.* Itatetemeka siku saba za mwanzo. Anza chini zaidi, na usiwatazame watu. Kama inatetemeka kwa sababu ya koo, siyo woga, pumzika siku mbili. Kupiga kelele juu ya koo bovu kunaliharibu zaidi.

*Nimeadhini kabla ya wakati.* Tangaza palepale, kwenye spika ileile: "Samahanini, adhana imetangulia, wakati bado." Usione haya. Kisha adhini tena wakati ukiingia. Kama ningefanya hivyo jioni ile, wengi wangekuwa bado wanatia tende mdomoni.

*Naishi Ulaya, hairuhusiwi kuadhini nje.* Adhini ndani ya ukumbi wa kusalia, bila spika ya nje. Miji mingine imeanza kufungua mlango: Köln, Ujerumani, msikiti mkuu uliadhini nje kwa ajili ya Ijumaa mara ya kwanza Oktoba 2022, na Minneapolis, Marekani, baraza la jiji lilipitisha mwaka 2023 adhana ya sala zote tano. Huko kaskazini nyakati za Alfajiri na Isha za kiangazi zinahitaji uamuzi wa wanazuoni wa mji huo, usijiamulie kwa simu.

*Mke wangu anasali na wasichana nyumbani, waadhini?* Kwa Kishafi, wao sunna yao ni kukimu. Akiadhini kwa sauti ya kujisikia wenyewe si vibaya.

*Nimepata mtoto, nimeambiwa nimwadhinie.* Adhana sikio la kulia, kukimu sikio la kushoto. Mshike vizuri, kichwa chake kikae kwenye kiganja chako, na usome kwa sauti ya mnong'ono. Spika umeiacha msikitini; aliyeko mbele yako hajasikia neno lolote la dunia bado.